Mazungumzo ya Juma: Gitaa la Gallotone na Haki Yake

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kitu ambacho huenda kimo katika nyumba yako wewe usomaye, kimetundikwa ukutani au kimesahauliwa darini pamoja na magunia matupu. Kitu hicho ni gitaa la zamani lenye jina la Gallotone.

Sababu ya kuyaandika haya ni mabishano niliyoyasikia hapa Chaka. Nilikuwa nimeketi katika karakana ya seremala, kando ya barabara iendayo Naro Moru na Nanyuki, nikingojea meza yangu itiwe mguu mpya. Akaingia kijana mmoja amechukua gitaa lililofungwa kwa gunia, na nyuma yake akaja babu yake, mzee mwenye umri wa miaka themanini na kitu, akitembea kwa fimbo. Shingo ya gitaa ilikuwa imepinda, kwa kuwa lilitundikwa miaka mingi juu ya meko, likala moshi na joto usiku na mchana.

Kijana akasema, "Bwana fundi, kuna mtu sokoni ameniahidi shilingi 1,500. Ninyooshee shingo tu, nikaliuze."

Mzee akasema, "Haliuzwi."

"Lakini Guka," akajibu kijana, akimwita babu kama tuitavyo kwetu, "hiki ni kisanduku cha mbao za kubandika. Hata wewe mwenyewe hujalipiga tangu nizaliwe."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sikulipiga kwa sababu naliona haya."

Basi sote tukageuka kumtazama. Tumezoea kuona mtu akionea haya deni, au mwana mlevi. Lakini kulionea haya gitaa? Mzee akatueleza kwamba alilinunua Nairobi mwaka 1961, kwa mshahara wake wa kazi ya nyumbani, miezi michache ya kujinyima. Akalipiga katika arusi na katika mikutano ya jioni. Kisha uhuru ukaja, na rafiki mmoja akamwuliza mbele ya watu, "Wewe unaimba habari za uhuru kwa gitaa la makaburu?" Siku ile akalipandisha darini, na darini likakaa.

Wasomaji, nilirudi nyumbani na meza yangu, lakini maneno yale hayakuniacha. Nimewauliza wapigaji gitaa wengine wa upande huu wa Mlima Kenya, wa Kiganjo na wa Karatina, na nimeona kwamba kila aliyepata kulishika gitaa la Gallotone ana nia mbili juu yake. Hulisema vibaya, na akimsikia mwingine analisema vibaya, hulitetea. Kwa nini iwe hivyo? Hebu tuitazame habari hii tangu mwanzo wake.

Jina la Gallotone limetokana na jina la mtu, Eric Gallo, aliyefungua duka la sahani za santuri mjini Johannesburg mwaka 1926. Duka likakua likawa kampuni kubwa ya kunasa nyimbo na kuuza sahani, na kampuni hiyo ikatengeneza magitaa pia huko huko Afrika ya Kusini. Mtu aliyesikia wimbo katika sahani ya Gallotone na kutamani kuupiga aliweza kununua gitaa lenye jina lilo hilo. Magitaa yale yalikuwa ya bei nafuu, kwa hiyo yakaenea mbali. Mengine yalivuka bahari mpaka Ulaya.

Sasa tuuseme ubaya wake kwanza, maana ndio unaosemwa zaidi. Wapigaji husema kwamba sauti yake ni ya sanduku: yatoka kwa nguvu, lakini yakatika upesi kama mtu aliyebanwa pumzi. Husema kwamba nyuzi zake za chuma zilikaa juu, mbali na ubao wa vidole, hata anayejifunza akaumia vidole kabla hajaujua wimbo mmoja. Tena husema kwamba ukiliweka karibu na gitaa zuri la mbao nzima, ni kama punda kando ya farasi.

Maneno hayo yana kweli. Lakini ni lazima tujue sababu yake. Gitaa la bei kubwa huwa na uso wa mbao nzima, iliyopasuliwa nyembamba kutoka katika mti laini. Mbao hiyo hutetemeka kwa urahisi uzi upigwapo, na kutetemeka huko ndiko kuliko na utamu wa sauti. Lakini mbao nzima ni kama ngozi ya binadamu: hunywa unyevu wakati wa mvua ikavimba, na wakati wa kiangazi hukauka ikasinyaa. Ninyi mnaokaa hapa mnaijua hewa yetu. Mwezi wa Aprili nguo hazikauki, na mwezi wa Februari midomo hupasuka. Gitaa la namna ile likiwekwa bila uangalizi katika nyumba ya mabati, uso wake hupasuka kama ardhi ya mpunga iliyokosa maji.

Gallotone lilitengenezwa kwa mbao za tabaka, yaani plaiwudi. Tabaka hizo hubandikwa kwa gundi, nyuzi za mbao ya tabaka moja zikienda urefu na za tabaka ya pili zikienda upana, hata moja ikitaka kusinyaa nyingine huizuia. Ndiyo maana gitaa la aina iliyoitwa Champion lilikuwa na karatasi ndani yake, ionekanayo ukichungulia katika tundu, iliyotoa ahadi kwamba gitaa halitapasuka. Lakini mbao isiyoweza kusinyaa haiwezi pia kutetemeka vema. Kwa hiyo, ndugu zangu, jambo lile lile lililolizuia lisipasuke ndilo lililolizuia lisiimbe. Sifa yake na kasoro yake zilizaliwa tumbo moja. Mtu hawezi kulilaumu kwa hii asilisifu kwa ile.

Tena tukumbuke kwamba katika miaka ile wengi walioanza kujifunza hawakuwa wakichagua kati ya Gallotone na gitaa zuri. Walichagua kati ya Gallotone na debe. Vijana walichukua debe la mafuta, wakalitia mpini wa mti, wakafunga waya za breki za baiskeli ziwe nyuzi. Aliyetoka katika debe akaingia katika Gallotone hakuona kisanduku. Aliona mlango umefunguliwa. Na kwa kuwa hapakuwa na vipaza sauti vijijini, sauti ile kavu na kali ilifaa, maana ilisikika juu ya miguu ya wachezaji na kelele za watoto.

Vidole vya watu wetu viligeuza hata ugumu wa vyombo rahisi kuwa ufundi. Ili kupandisha sauti ya gitaa ilingane na sauti ya mwimbaji, mpigaji alilaza penseli juu ya nyuzi akaifunga kwa kipande cha mpira. Badala ya kupiga kwa vidole vyote, wengi walipiga kwa viwili tu, kidole gumba kikishika sauti nzito na kidole cha shahada kikitembea katika nyuzi nyembamba. Ukimsikiliza mpigaji hodari wa namna hii bila kumwona, utaapa kwamba wako wawili.

Fundi mkubwa wa mtindo huo alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya katika nchi ya Katanga mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, akainasa sauti yake na gitaa lake. Nyimbo zile zikatolewa katika sahani za Gallotone, na wimbo wa "Masanga" ukamfanya ajulikane mbali sana. Mwenda aliimba Kiswahili pia, na kwa hiyo maneno yake hayakuwa mageni kwetu. Baadaye alikuja Nairobi, na ndugu yake Edouard Masengo naye akaja akakaa, na vijana wa Kenya wakawasikiliza katika radio na katika kumbi. Katika nchi ya Waluhya, George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, aliikuza namna yake mwenyewe ya kupiga kwa vidole viwili, iitwayo omutibo, huku mwenziwe akigonga na kukwaruza chupa ya soda yenye mikunjo. Mambo hayo yote yalianza kwa gitaa moja la mbao na watu wachache. Hawakungojea kupata vyombo bora.

Lakini sasa tuingie katika jambo zito zaidi, lile lililomtia haya yule mzee. Si habari ya mbao tena. Ni habari ya mahali mbao zilikotoka.

Mwaka 1948 serikali ya makaburu ilishika madaraka Afrika ya Kusini, ikaifanya sheria ubaguzi uliokuwako tangu zamani. Na hata ndani ya muziki wenyewe haki ilikuwa haba. Wengi wenu mnaujua wimbo wa simba uliozunguka dunia nzima na kuingia katika sinema za watoto. Wimbo ule ulitokana na "Mbube", ulioimbwa na Solomon Linda katika studio ya Gallo mwaka 1939. Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10. Akafa mwaka 1962 akiwa maskini, na wengine wakatajirika kwa wimbo wake. Ni mwaka 2006 tu ndipo warithi wake walipofikia mapatano ya kulipwa. Mtu akiijua habari hiyo, na akilitazama jina lililo juu ya kichwa cha gitaa lake, hana budi kusita.

Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963, ilikata biashara na Afrika ya Kusini kama nchi nyingine za Kiafrika zilivyofanya. Hilo lilikuwa jambo la haki, na sisemi vingine. Wahenga walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Jongoo ni ubaguzi, na mti ni bidhaa zote zilizobebwa pamoja naye: matunda, mvinyo, mashine, na magitaa pia. Mlango ulipofunguliwa tena katika miaka ya 1990, Nelson Mandela akiwa ametoka kifungoni, gitaa la Gallotone halikurudi pamoja na bidhaa nyingine. Lilikuwa limekwisha kuachwa kutengenezwa. Siku hizi magitaa mengi ya bei rahisi yaliyomo madukani hutoka Uchina, na Gallotone lililobaki ni hilo lililo darini kwako.

Basi, je, yule rafiki alikuwa na haki kumwuliza mzee swali lile mbele ya watu? Mimi nasema kwamba kukataa kununua ni jambo moja, na kulionea haya lililokwisha kununuliwa kwa jasho lako ni jambo lingine. Fedha ya mzee ilikwisha kwenda. Kulificha gitaa hakukumrudishia hata senti, wala hakukumfungulia mfungwa hata mmoja. Kilichofichwa hakikuwa mali ya makaburu. Zilikuwa nyimbo zake mwenyewe. Mtu akitupa mti uliobebea jongoo, na aangalie asitupe pia mkono wake.

Nami nataka kuwapa mfano kutoka mbali, maana unalihusu gitaa lili hili. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Liverpool, Uingereza, alipata gitaa la Gallotone Champion lililoagizwa kwa posta, kwa bei ya pauni 10 hivi. Shangazi yake, aliyemlea, alimwambia kwamba gitaa ni jambo jema la kujifurahisha, lakini halitampatia riziki kamwe. Wazazi wa Nyeri na wa Nanyuki wamelisema neno hilo mara nyingi, nami sidhani kwamba tumelimaliza. Kijana yule aliitwa John Lennon. Tarehe 6 Julai 1957 alikuwa na kikundi chake wakipiga katika sikukuu ya kanisa mtaani Woolton, na siku hiyo ndipo alipokutana na Paul McCartney. Yaliyofuata yanajulikana duniani kote. Mwaka 1999 gitaa lile liliuzwa kwa mnada mjini London kwa zaidi ya pauni 100,000.

Nasikia kwamba habari hii imewafanya watu wengine wafikiri kila Gallotone ni dhahabu. La, ndugu zangu, msidanganyike, wala msimdanganye mwenzenu. Mbao za gitaa la Lennon zilikuwa plaiwudi kama za yule mzee wetu. Zile pauni 100,000 zililipwa kwa ajili ya vidole vilivyolishika. Na hilo ndilo neno langu la juma hili: thamani ya gitaa la namna hii haikuwa katika mbao zake wala katika jina lake. Ilikuwa katika mkono uliolipiga. Kampuni ilikwisha lipwa bei yake dukani. Sisi hatuidai, wala haitudai. Lakini mikono ile bado hatujailipa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Nitawapa mfano wa mtu aliyejua kulipa. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, aliimba kwa Kikuyu nyimbo ambazo hakuna mtu wa nchi yetu asiyezijua, za mapenzi, za mafundisho na za siasa. Alifariki mwezi wa Oktoba 2018. Mjukuu wake, mwenye jina lake hilo hilo na ajulikanaye katika muziki kwa jina la KMRU, hupiga muziki wa namna nyingine kabisa, wa mitambo ya umeme, ambao babu zetu wangeuita ngurumo ya mashine. Lakini kijana huyo hakuona kwamba kupenda lake kunamlazimu kulitupa la babu. Amezikusanya nyimbo za zamani za babu yake na kuzitoa upya ili dunia izisikie. Kamaru alikuwa mtu mashuhuri, na sahani zake zilikuwako za kukusanywa. Je, babu yako ambaye hakuwahi kuingia studio, nyimbo zake zitakusanywa na nani?

Sasa nirudi katika karakana. Yule seremala hakusema mengi. Aliipasha shingo ya gitaa joto polepole, akaibana juu ya ubao ulionyooka, akatuambia turudi baada ya siku tatu. Siku ya tatu nilipita kwa sababu ya udadisi, maana meza yangu ilikuwa imekwisha. Shingo ilikuwa imenyooka, si sana, lakini ya kutosha. Kisanduku chenyewe, baada ya miaka sitini ya moshi, hakikuwa na ufa hata mmoja.

Mzee akaomba penseli. Nikampa yangu ya ofisini. Akaifunga juu ya nyuzi kwa mpira uliokatwa katika tairi la ndani la baiskeli, akajaribu mara mbili, akakosea, akacheka, akaanza tena. Kidole gumba kikakumbuka kazi yake kabla ya mwenye kidole. Tulisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, na watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni.

"Sauti ni ile ile mbaya," akasema mzee, na sote tukacheka.

Kijana hakucheka. Akauliza, "Guka, wimbo huo ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulilitazama gitaa tu."

Kijana akatoa simu yake, akamwomba babu aupige tena ili aunase. Yule mtu wa sokoni bado anangojea gitaa lake, na nadhani atangoja sana.

Basi, wewe uliye na gitaa la namna hii nyumbani, nakushauri mambo haya machache. Kwanza, lishushe kutoka juu ya meko, kwa sababu joto hulegeza gundi na kupinda shingo, hata kama mbao hazipasuki. Pili, ukiliweka bila kulipiga kwa muda mrefu, legeza nyuzi, maana mvuto wake haulali. Huivuta shingo usiku kucha. Tatu, ukinunua nyuzi mpya, chagua nyembamba, zisizovuta kwa nguvu nyingi. Gitaa la kale ni kama mzee, halibebeshwi mzigo wa kijana. Nne, usilipake rangi ili lipendeze. Rangi nzito huzima hata ile sauti ndogo iliyopo. Na tano, lililo kubwa kuliko yote: kabla hujampeleka fundi alitengeneze gitaa, mketishe aliyelipiga, umwulize alipiga nyimbo gani, alizipata wapi, na nyuzi zake alizikaza namna gani. Simu unayo mfukoni. Mbao za tabaka zilipewa ahadi kwamba hazitapasuka, lakini mzee hana karatasi ya namna hiyo kifuani mwake.

Haya, wasomaji wapenzi, kwaherini mpaka juma lijalo. Mwenye habari ya magitaa ya kale na aniandikie. Nitafurahi kuisoma, na penseli yangu nimekwisha rudishiwa.